Nyumba ya Pili: Tulichojifunza Tulipokwenda Kuomba Mkopo



Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu zetu wasomaji, tunaomba nafasi kidogo tuwasimulie jambo lililotupata sisi, mke na mume, mwaka 2023. Si kisa cha kujisifu. Mahali pengine tutaona haya kukisimulia. Lakini tumeona familia nyingi zetu zilizoko ughaibuni zinaelekea huko huko tulikoelekea sisi, na wazazi na ndugu walioko Bujumbura, Kigali, Bukavu na Kampala wanaulizwa ushauri juu ya mambo ambayo hawakuwahi kuelezwa. Huenda haya machache yakawafaa.

Sisi ni watu wa Buyenzi, Bujumbura. Tulipitia kambi mkoani Kigoma, na mwaka 2009 tukafika Marekani, jimbo la Michigan, mji wa Grand Rapids, ambako tunaishi mpaka leo na watoto wetu watano. Mmoja wetu anafanya kazi katika kiwanda cha samani za maofisi, mwingine anauguza wazee. Alhamdulillahi, tunakula, watoto wanasoma, na kila mwezi tunatuma kidogo nyumbani.

Mwendo usiofika saa moja kwa gari kutoka kwetu kuna Ziwa Michigan. Mtu aliyekulia Bujumbura akifika pale mara ya kwanza hunyamaza. Kwetu, ukisimama ufukweni, unaiona milima ya Uvira ng'ambo. Pale huoni ng'ambo, ni maji mpaka macho yanachoka. Lakini ni maji baridi kama ya Tanganyika, yasiyo na chumvi, na mchanga wake watoto wanauchezea vile vile tulivyocheza sisi. Kila mwaka wakati wa joto tulikwenda asubuhi na kurudi usiku, na kila tuliporudi tulisema: lau tungekuwa na kijumba chetu hapa!

Basi mwaka ule tukakiona. Nyumba ya vyumba viwili, kaskazini kidogo, mwendo wa dakika tano kwa miguu mpaka ziwani. Bei yake dola 240,000. Tulikuwa na akiba ya dola 38,000 tuliyoikusanya kwa miaka tisa. Tukaenda kuuliza mkopo.

BENKI INAANGALIA NINI

Kwanza tuwaeleze jinsi mambo yalivyo, maana sisi wenyewe hatukujua.

Marekani mkopeshaji hukuuliza nyumba unayonunua ni ya namna gani kati ya tatu. Ya kwanza ni nyumba unayoishi. Ya pili ni nyumba ya mapumziko, yaani unayo ya kuishi na hii utakwenda baadhi ya siku za mwaka. Ya tatu ni nyumba ya biashara, ya kupangisha. Masharti ya kila namna ni mbali. Kuna mashirika mawili makubwa, Fannie Mae na Freddie Mac, ambayo hununua mikopo kutoka kwa wakopeshaji, na kanuni zao ndizo wakopeshaji wengi wanazifuata.

Nyumba unayoishi unaweza kuinunua kwa kutanguliza asilimia 3 au 5 ya bei. Nyumba ya mapumziko ni asilimia 10 kwa uchache. Kwetu hiyo ilikuwa dola 24,000. Halafu riba yake iko juu, kwa sababu wanajua kwamba mtu akipata shida ataacha kulipia nyumba ya mapumziko kabla hajaacha kulipia ile anayolala, na tangu tarehe 1 Aprili 2022 ada za mikopo ya nyumba za pili zimepandishwa zaidi. Tena nyumba hiyo iwe inakalika mwaka mzima, si kibanda cha miezi ya joto tu. Mwenyewe uikalie sehemu ya mwaka, na usiwe umeikabidhi kwa kampuni inayoamua nani alale humo. Na hata ukipata mpangaji wa siku mbili tatu, kodi yake haihesabiwi katika kipato chako unapoomba mkopo.

Kisha wanapima madeni yako. Wanachukua kipato cha mwezi kabla ya makato, wanajumlisha madeni yote unayolipa kila mwezi pamoja na hili jipya, wanaangalia ni asilimia ngapi. Wengi hawapendi ipite 45. Sisi wawili tulikuwa tunapata dola 9,200 kwa mwezi. Nyumba tunayoishi tulikuwa tunailipia 1,250, na magari mawili 510. Nyumba mpya, ukijumlisha mkopo, kodi ya serikali, bima ya nyumba na ile bima anayotaka mkopeshaji kwa aliyetanguliza kidogo, ilikuja 2,150. Jumla ni 3,910, karibu asilimia 42 na nusu. Wakataka pia tubaki na akiba ya kulipia miezi miwili. Wakaangalia historia yetu ya kulipa madeni, wakaiona safi.

Wakasema tunastahiki. Wallahi siku ile tulifurahi kama watoto. Watu tuliofika na mifuko miwili ya nguo, leo benki inatuambia tunastahiki nyumba ya mapumziko!

NENO LA DALALI

Hapo ndipo dalali wa mikopo aliyekuwa akitushughulikia akatupa ushauri. Hatutamtaja, na tunaamini hakuona kuwa ni kosa. Alituambia: mbona mnajiumiza? Andikeni kwamba hii ndiyo nyumba mtakayoishi. Riba itashuka kutoka asilimia 7 na robo mpaka 6 na nusu, na mtaweza kutanguliza kidogo zaidi. Hakuna anayekuja kugonga mlango. Wengi hufanya hivyo.

Tulipiga hesabu usiku ule. Riba ikishuka hivyo tungeokoa dola 108 kwa mwezi. Na katika Michigan mwenye kuishi katika nyumba yake anasamehewa kodi ya shule inayofika dola 18 kwa kila dola 1,000 za thamani inayotozwa kodi, ambayo ni kama nusu ya bei. Kwa nyumba ile ni dola 2,160 kwa mwaka, au 180 kwa mwezi. Lakini msamaha huo mke na mume hupewa kwa nyumba moja tu, na sisi tulikuwa tayari tunaupata pale tunapoishi. Kwa hiyo ili uongo wa kwanza usimame ingebidi tuongeze wa pili. Jumla ya faida: dola 288 kila mwezi. Fedha hizo kwetu si ndogo. Ni zaidi ya zile tunazomtumia Bibi Buyenzi.

Hapo mke na mume hatukukubaliana. Hatutasema ni nani kati yetu aliyesema "tuandike tu" na ni nani aliyesema "tusiandike." Mwenye kusema tuandike alikuwa na hoja: hatumwibii mtu, tutalipa kila senti, na benki zenyewe zinakula riba za watu. Mwenye kukataa alisema tu kwamba hataweza kutia saini. Tulikaa siku tatu hatuzungumzi vizuri nyumbani kwa sababu ya nyumba ambayo hatujaipata.

Baadaye tuliuliza, tukajua sheria inasemaje. Anayetia saini kwamba nyumba ni ya kuishi anaahidi kuhamia ndani ya siku 60 na kukaa kwa muda wa mwaka mmoja. Kusema uongo kwa makusudi katika maombi ya mkopo wa nyumba ni kosa la jinai la serikali kuu, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 30 na faini ya dola milioni moja. Ni kweli wengi hawashikwi. Lakini tuseme kweli, ndugu zetu: si sheria iliyotuzuia. Wakati ule hatukuijua.

Aliyetuzuia ni binti yetu wa pili, aliyekuwa na miaka 13. Yeye ndiye tunayemtegemea kwa mambo ya kompyuta. Dalali alituma fomu akiwa ameshaijaza, na binti akaifungua ili atuoneshe pa kuweka saini. Akasoma, akageuka.

"Mama, kumbe tunahama? Na shule yangu?"

Tukamwambia, hapana mwanangu, hatuhami, ni maandishi tu.

"Mbona tumeandika tutahama?"

Hatukuwa na jibu. Baba yake alimwambia afunge kompyuta akalale. Alikwenda, lakini tulimwona anatuangalia mmoja baada ya mwingine. Mtoto huyo huyo tunampeleka madrasa kila Jumamosi ajifunze amana na ukweli, tunalipia, na akichelewa tunamgombeza.

Kesho yake tulimpigia dalali tukamwambia afute alichoandika.

KWA SHEIKH

Ilibaki njia ya halali kwa sheria ya nchi: kuomba kama nyumba ya mapumziko, tukalipa ghali. Hapo ndipo tukakumbuka swali ambalo tulipaswa kuanza nalo.

Tukiri mbele yenu. Nyumba tunayoishi tuliinunua mwaka 2014 kwa mkopo wa kawaida, wenye riba. Wakati ule tulikuwa watu saba katika vyumba viwili vya kupanga, na kila mwenye nyumba kubwa alipoona idadi yetu alitukataa. Tulimuuliza sheikh wetu, naye akatueleza kwamba Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti, lilipokutana Dublin mwaka 1999, liliwaruhusu Waislamu wanaoishi nchi za Magharibi kununua nyumba kwa mkopo wa namna hiyo pale wanapokuwa na haja ya kweli na hawana njia nyingine. Wanazuoni wengi hawakukubaliana na fatwa hiyo, na sheikh hakutuficha. Tulichukua rukhsa ile kwa khofu, na mpaka leo tunamwomba Allah atusamehe kama tulikosea.

Safari hii tulikwenda tena, na picha za nyumba ya ziwani tunazo kwenye simu. Alizitazama zote, akazisifu. Kisha akasema:

"Wanangu, mara ya kwanza mliniambia hamna pa kulala. Mara hii mtaniambia nini?"

Akatukumbusha masharti ya fatwa ile ile tuliyoitegemea: nyumba iwe ya mnunuzi kuishi yeye na watu wake, asiwe na nyumba nyingine ya kumtosheleza, na asiwe na mali nyingine ya kununulia. Hata wale waliofungua mlango waliufungulia asiye na nyumba. Mwenye nyumba anayetaka nyingine ya kupumzikia hakuwemo. Kwa maneno mengine, benki ilisema tunastahiki kwa sababu tulikuwa na nyumba na kazi na akiba, na hayo hayo ndiyo yaliyotufanya tusistahiki ile rukhsa.

Tuliuliza pia kampuni mojawapo ya Kiislamu. Marekani zipo, na nyingine zimefanya kazi hii tangu miaka ya themanini. Utaratibu mmoja wanaoutumia ni wa ushirika: kampuni na wewe mnainunua nyumba pamoja, unalipa kodi kwa sehemu ambayo si yako, na kila mwezi unanunua kipande cha sehemu ya kampuni mpaka nyumba yote iwe yako. Tulishukuru kujua kwamba njia ipo. Lakini wao nao wanapima kipato na madeni vile vile, na malipo ya mwezi yalikuja karibu sawa na ya benki. Mkataba ukiwa halali, mzigo unabaki ni ule ule, na mabega ni yale yale.

HESABU YA JIKONI

Basi tukakaa jikoni na daftari, safari hii bila dalali.

Mkopo ungekuwa dola 216,000 kwa miaka 30. Kwa asilimia 7 na robo, riba peke yake mpaka mwisho ingezidi dola 314,000. Yaani tungelipa nyumba moja na nyingine zaidi ya hiyo, tukapata moja.

Malipo yote ya mwaka ni dola 25,800. Tukahesabu siku tutakazoweza kwenda, maana mmoja wetu anafanya zamu za wikendi na watoto wana shule na madrasa. Tukijitahidi sana, ni usiku 40. Gawanya: dola 645 kwa usiku mmoja. Kijumba cha kupanga karibu na ziwa lile, tulichowahi kukiulizia, kilikuwa dola 200.

Baada ya kutanguliza dola 24,000 na kulipa gharama za kuandikisha kama dola 7,000, akiba ingebaki dola 7,000. Mwaka ule kijana wetu mkubwa alikuwa anakaribia chuo. Na kiwanda kilikuwa kimeshapunguza watu mara mbili.

Swali la mwisho aliliuliza yule aliyekuwa anaitaka nyumba zaidi: mmoja wetu akifa kesho, mwingine atalipa madeni ya nyumba mbili kwa mshahara mmoja? Tunajua sote uzito wa deni kwa maiti. Hapo tukafunga daftari.

Hatukununua. Tulisikitika, tusiwadanganye. Binti mdogo alilia kwa kuwa alikuwa ameshachagua kitanda. Dola 20,000 katika akiba ile tulizipeleka kupunguza deni la nyumba tunayoishi, ambalo lilikuwa limebaki dola 112,000, ili tutoke katika riba mapema zaidi inshaallah. Na kila mwezi wa nane tunapanga kijumba kwa wiki moja. Tunapika ugali na mukeke wa kwenye friza tukiupata, na tusipoupata tunakula samaki wa huko huko. Bibi anapigiwa simu aone maji. Mwaka wa kwanza alituuliza, "Hiyo nyumba ni yenu?" Tukasema, hapana Bibi, ni ya kupanga. Akasema, "Basi laleni vizuri."

KWA FAMILIA NYINGINE

Hatusemi kuwa na nyumba mbili ni dhambi. Aliyepewa wasaa na Mola wake na akanunua kwa halali, Allah ambarikie, na atualike. Tena mnaoishi nyumbani mna njia ambayo sisi huku tumeisahau. Buyenzi wazee wetu walijenga tofali juu ya tofali, mwaka huu msingi, mwaka kesho kuta, bila mkopo wa benki. Na mambo ya benki nayo yanabadilika: Uganda ilirekebisha sheria yake mwaka 2016 ili kuruhusu benki za Kiislamu, na mwaka 2023 benki kamili ya namna hiyo ikapata leseni.

Tunachowausia wanaofikiria nyumba ya pili ni haya.

Kwanza, muulizeni mwanachuoni kabla ya kumuuliza mkopeshaji. Sisi tulianza nyuma, tukaja kuuliza moyo ukiwa umeshahamia.

Pili, fahamuni kwamba benki ikisema mnastahiki, imepima kama fedha zake zitarudi. Haikupima kama watoto watasoma, wala kama wazazi walioko nyumbani watatumiwa kitu. Hesabu hiyo ni yenu.

Tatu, kila kinachoandikwa kwenye fomu kisomeni wenyewe, neno kwa neno, na msikitie saini mpaka mmekielewa. Dini yetu imelipa jambo la kuandika deni uzito mkubwa hata aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia hilo. Na aya hiyo imo baada ya aya za riba.

Nne, someni fomu hiyo mbele ya watoto wenu. Kama kuna mstari msioweza kumweleza mtoto wa miaka 13, ufuteni.

Tunamwomba Allah atutosheleze kwa halali yake, atuepushe na haramu, atulipie madeni yetu, na azifanye nyumba zetu, ziwe za kupanga au za kwetu, kuwa mahali pa utulivu na ukweli. Amin.